Kufunga na Kusawazisha Mabawa ya Ndege ya Mfano



Nataka kuzungumza nanyi juu ya kazi ambayo watu wengi huidhania kuwa mchezo wa watoto, nayo ni kuunda ndege ndogo ya mfano yenye mabawa ya juu na ya chini, kama nyumba ya ghorofa. Sitasema habari za kukata mbao wala za kubandika karatasi, maana hayo huonyeshwa na mchoro. Nitasema habari za siku ile ambapo vipande vyote vimekwisha kuwa tayari mezani, na sasa yapasa vifungwe pamoja. Siku hiyo ndiyo iamuayo kama kazi ya miezi mitatu itaruka, au itageuka vibanzi kabla fundi hajavuta pumzi ya pili.

Kwanza yafaa tujue maana ya nguzo na nyaya zile. Bawa moja jembamba huvunjika upesi. Lakini mabawa mawili yaliyoshikana kwa nguzo na nyaya huwa kitu kimoja chenye nguvu, mfano wa daraja la chuma. Wala mfano huu si wa kubuni. Octave Chanute, mhandisi wa reli na madaraja katika Marekani, aliutumia ufungaji wa madaraja katika ndege isiyo na injini mwaka 1896. Wilbur na Orville Wright wakaufuata walipounda ndege iliyoruka Kitty Hawk tarehe 17 Desemba 1903, ambayo safari yake ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 tu. Na Bibi Florence Kerr Wilson alipoanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, ndege aliyoanza nayo, Gipsy Moth, ilikuwa ya mabawa ya namna hiyo.

Nyaya zenyewe ni za aina mbili. Ziko zitokazo chini, ubavuni mwa ndege, zikapanda hadi bawa la juu upande wa nje. Hizi hufanya kazi ndege iwapo angani, maana upepo huyasukuma mabawa juu, nazo huyazuia. Nyingine hutoka juu katikati, zikashuka hadi bawa la chini upande wa nje. Hizi huyabeba mabawa ndege iwapo chini. Katika mifano mingine midogo nyaya ni pambo tu, na uzi wa mpira watosha. Lakini mchoro ukisema kuwa nyaya ndizo zishikazo mabawa, basi maisha ya ndege yote yamo humo.

Mtazameni fundi wa baisikeli anyooshapo gurudumu lililopinda. Hakazi spoki moja mpaka mwisho, kisha akaenda ya pili. Hukaza hii kidogo, akalegeza ile ya upande wa pili, akalizungusha gurudumu, akatazama tena. Nyaya za mabawa ni vivyo hivyo. Ukiukaza mmoja kupita kiasi, hukuongeza nguvu, bali umelipinda bawa. Kazeni kushoto na kulia kwa zamu, kidogo kidogo. Nyaya mbili zilizo sawa kwa urefu na unene zikigongwa kwa ukucha na kutoa sauti moja, jueni zimekazwa sawasawa.

Sasa natueleze utaratibu wenyewe. Wekeni mwili wa ndege juu ya meza iliyo sawa kabisa, mkauinua mkia mpaka mstari ulioandikwa katika mchoro uwe sawa kwa pimamaji, kwa urefu na kwa upana. Tangu hapo mwili usisogezwe tena, maana vipimo vyote vitatoka kwake.

Tieni mabawa ya chini. Pimeni kwa uzi kutoka ncha ya bawa la kushoto hadi mwisho wa mkia, kisha kutoka ncha ya kulia hadi pale pale. Nyuzi mbili zikitofautiana, bawa moja limetangulia. Halafu simamisheni kile kipande cha katikati kilicho juu ya mwili. Seremala ajuaye kazi huupima mlango pembe kwa pembe. Nanyi pimeni hivyo hivyo, kwa maana kipande hiki kikiwa upande, mabawa ya juu yatakuwa upande pia. Kama mchoro wataka bawa la juu litangulie mbele ya lile la chini, tundikeni timazi kutoka ukingo wa mbele wa bawa la juu, mkapime umbali kutoka uzi hadi ukingo wa bawa la chini.

Kisha tieni mabawa ya juu na nguzo za nje. Kwa zile nyaya za kubeba, ziinueni ncha za mabawa mpaka kimo cha mchoro. Bawa la sentimita 60 likitakiwa kuinuka digrii 2, ncha yake itapanda karibu sentimita 2 na milimita 1. Ncha zikiwa sawa pande zote mbili, ndipo mkaze zile nyaya za kuzuia.

La mwisho ndilo kubwa, nalo ni mwinamo wa bawa, yaani jinsi ukingo wa mbele uzidivyo kimo cha ukingo wa nyuma. Pimeni karibu na mwili, kisha pimeni penye nguzo za nje, kushoto na kulia. Katika bawa lenye upana wa sentimita 15, digrii 1 ni milimita 2 na nusu hivi. Jicho halioni kitu hicho kidogo, lakini upepo hukiona. Bawa lililozidi mwinamo huinuliwa zaidi, na ndege hulala upande. Tena mwendo ukipungua, bawa hilo huwahi kupoteza nguvu ya kubeba, na ndege huanguka ikizunguka.

Wala kipimo kimoja hakisimami peke yake. Watengenezaji wa Tiger Moth, ndege ya kufundishia iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1931, walilisogeza mbele bawa la juu ili mtu wa kiti cha mbele apate njia ya kutoka na parachuti. Mizani ya ndege ikabadilika, ikawabidi wazirudishe nyuma ncha za mabawa. Waliposahihisha jambo moja, walikubali kulipima na la pili.

Mkimaliza, tieni alama kila nguzo: ya kushoto au ya kulia, ya mbele au ya nyuma. Siku ya kufungua na kufunga tena, nguzo ya mbele ikiwekwa nyuma itauharibu mwinamo wote.

Ndipo mwende majanini, asubuhi ambapo hapana upepo, mkairushe polepole bila injini. Ikienda upande, kijana asiye na subira hukimbilia kuupinda usukani wa mkia, na ndege ikanyoka. Huyo ameficha kosa kwa kosa la pili, nalo la kwanza lamngoja juu. Rudini mezani mkapime upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vijana wangu, ndege ya mfano ikianguka, hasara ni mbao na gundi na machozi kidogo. Lakini mkono uliozoea kupima tena pale ambapo jicho lilikwisha kuridhika, ndio mkono ambao siku moja watu wataukabidhi daraja, gari la abiria, au ndege ya kweli.