Feni ya Kompyuta Mpya: Lipi la Muuzaji, Lipi la Mnunuzi



Tunazungumza nanyi juu ya kifaa ambacho bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine, lakini kikigoma kazi yote husimama: feni ya kompyuta. Tunawalenga hasa walionunua kompyuta ya mezani iliyoungwa dukani kwa vipande mbalimbali. Mashine ya namna hiyo haina kiwanda kimoja kinachoijibia. Anayeijibia ni yule aliyeiunga akaiuza.

Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba. Leo mzigo wa Kariakoo hauchukui miezi, lakini umbali ni uleule, na ndio unaomdhoofisha mnunuzi. Muuzaji yuko mbali na nauli ya kurudisha inauma. Basi mtu huipeleka mashine kwa fundi wa jirani, stika za dhamana zinakatwa, na haki yake inapotea hapohapo.

Kwa hiyo siku ya kwanza usifungue chochote. Chukua tochi, mulika kupitia matundu ya kasha, washa mashine utazame. Feni zikivuma kwa nguvu sekunde chache kisha zikatulia, hiyo ni kawaida. Feni za kadi nyingi za picha za siku hizi husimama kabisa pasipo kazi nzito, na baadhi ya pawa saplai hufanya vivyo hivyo. Hizo si mbovu. Ya kuangaliwa kwa makini ni feni ya prosesa, ile iliyokaa juu ya chuma chenye mapezi kwenye bodi kuu.

Hiyo isipozunguka, mara nyingi kompyuta yenyewe hutoa ujumbe inapowashwa. Sababu huwa ni waya: umechomoka safarini, umechomekwa mahali pengine badala ya palipochapwa CPU_FAN, au waya wa jirani umeingia kwenye mapanga ukayazuia. Ikiwa inazunguka lakini inanguruma kutwa nzima, huenda ni feni ya nyaya tatu iliyochomekwa kwenye pini nne. Feni kama hiyo aghalabu hukimbia kwa kasi yote mpaka mpangilio wa BIOS ubadilishwe. Hilo muuzaji anaweza kukuelekeza kwa simu, wala bisibisi haihitajiki.

Gumu zaidi ni feni kuzunguka vizuri huku kompyuta ikizimika yenyewe. Hapa macho hudanganya. Kazi ya feni ni kukipoza kile chuma. Lakini chuma kisipogusana sawasawa na prosesa, joto halifiki kwake, na feni inapoza kitu ambacho tayari ni baridi. Katika mashine mpya hutokea kwamba utando wa plastiki unaolinda uso wa chuma haukubanduliwa, au grisi ya kupitisha joto haikupakwa, au pini moja kati ya nne haikuingia hadi mwisho. Yote matatu ni makosa ya uungaji, na mnunuzi hana mkono ndani yake.

Ili kujua, fungua ukurasa wa BIOS unaoonyesha joto la prosesa. Hapa Tabora, adhuhuri ya Oktoba, chumba chenyewe hupita nyuzi 30, na feni haiwezi kupoza chini ya joto la hewa inayoivuta. Basi nyuzi 45 au 50 zisikutishe. Zikipanda ndani ya dakika chache kupita 90, ilhali mashine haifanyi kazi yoyote, rekodi skrini kwa video ya simu, kisha zima. Prosesa nyingi hujilinda karibu na nyuzi 100 kwa kupunguza mwendo na hatimaye kuzima, lakini hiyo ni kinga ya dharura; usiifanyie kazi kila siku.

Utaambiwa kwamba kosa ni umeme wa Tabora. Hoja hii tunaisikia kwa mashaka. Feni hupokea volti 12 kutoka pawa saplai, si volti 230 za ukutani. Umeme ukishuka mno, hutaona feni moja ikisimama peke yake, bali mashine nzima itazimika. Vumbi ni hoja nyingine, nayo ni halali: kiangazi chetu kina vumbi jingi, na kusafisha ni wajibu wako. Lakini vumbi la wiki mbili haliizibi mashine mpya.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa fulani anawajibika iwe na ubora unaostahili kuuzwa. Maneno “mali ikishauzwa hairudishwi” chini ya risiti hayamwondolei wajibu wa kuuza bidhaa mbovu. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa akikaa nayo kwa muda wa kutosha bila kusema kwamba anaikataa. Kwa hiyo sema mapema, tena kwa maandishi. Ujumbe wa simu unaoonyesha tarehe unafaa. Tunza risiti ya EFD, orodha ya vipande ulivyouziwa, na ile video. Muuzaji akikataa kukusikiliza, hivyo ndivyo utakavyoambatisha kwenye malalamiko yako kwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Na kompyuta ikilazimika kurudi Dar es Salaam, ifunge kwa sponji ndani ya boksi, na umwombe kondakta ailaze ubavu, bodi kuu ikiwa chini na chuma cha prosesa kikielekea juu. Ikisafirishwa wima, uzito wa chuma hicho huning’inia kwenye bodi njia nzima, na muuzaji atapata sababu ya kusema umeivunja wewe.