Nyumba ya Urithi na Ukali wa Jua



Mazungumzo haya yahusu jambo la nyumbani kabisa, nalo ni namna ya kuitengeneza nyumba ya kale ya Kampala ili ikae baridi mchana, isile umeme wala makaa kupita kiasi, na isiwe sababu ya warithi kuiuza. Huenda baadhi ya wasikilizaji wakastaajabu kuona habari za mabati na madirisha zikipewa nafasi katika mkusanyiko kama huu. Lakini hapana mtaa wa zamani katika mji huu, ikiwa ni Kibuli, au Mengo, au Nateete, usio na nyumba iliyouzwa karibu kabla matanga hayajaondolewa. Na sababu inayotajwa huwa ile ile: nyumba imechakaa, ina joto, haikaliki.

Je, ni kweli haikaliki? Mara nyingi si kweli. Nyumba nyingi za namna hiyo hazikujengwa vibaya. Zimeharibiwa na matengenezo.

Ili jambo hili lifahamike, hapana budi kutazama kwanza jua la hapa. Kampala iko karibu sana na Ikweta, juu ya vilima vilivyoinuka kiasi cha mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Jua la saa sita mchana halipigi kuta, hupiga paa. Mwezi wa Machi na wa Septemba hupita utosini hasa, na miezi mingine huinama kidogo tu, mara kaskazini, mara kusini. Ukuta wa mashariki hupata jua la asubuhi. Ukuta wa magharibi hupata la alasiri, nalo ndilo baya zaidi, kwa kuwa huikuta nyumba imekwisha kupata moto. Kuta mbili zilizobaki hazisumbuliwi sana. Basi adui mkubwa wa nyumba ya Kampala yuko juu ya kichwa, na wa pili yuko magharibi.

Tena Kampala ina neema ambayo Mombasa na Unguja hazina. Kule pwani, usiku wa mwezi wa Februari hauna nafuu. Mtu hulala na jasho lake. Hapa, joto la mchana hufika nyuzi 28 hivi, lakini usiku hushuka hata 17 au 18. Nyumba iliyoachwa ipumue usiku hujaa ubaridi, na matofali yake huushika ubaridi huo karibu mpaka adhuhuri. Mwenye nyumba wa Kampala anayenunua mashine ya kupoza hewa ananunua kitu ambacho Mwenyezi Mungu humletea bure kila usiku, ila yeye amekifungia mlango.

Mafundi wa zamani walilijua hilo. Nyumba kuu ya Kasubi, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 kuwa jumba la Kabaka Muteesa wa Kwanza na baadaye ikawa kaburi lake, ina paa la nyasi nene lishukalo karibu na ardhi. Iliungua mwezi wa Machi 2010, ikajengwa tena kwa nyasi vile vile, na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani ya nyasi zile mna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia haipitishi joto kwa urahisi. Mabati yalipokuja yalipunguza hofu ya moto na taabu ya kuezeka upya kila mara, lakini yaliondoa pia lile blanketi. Ndipo wajenzi wakatia dari chini ya bati, wakaacha nafasi kati yake, wakatoboa matundu ya hewa juu ya madirisha na chini ya upenu, wakaizungushia nyumba baraza. Waganda huiita lubalaza, neno lililosafiri kutoka pwani pamoja na watu wake. Baraza haikuwekwa kwa ajili ya mazungumzo ya jioni peke yake. Kazi yake ilikuwa kuuzuia mwanga wa jua usiuguse ukuta.

Sasa na ichukuliwe nyumba moja kwa mfano. Mwenyewe amefariki, mjane wake angali anakaa ndani, na vyumba viwili vya nyuma vimepangishwa. Miaka imepita, na kila mwana amefanya jema lake. Mmoja aliziba baraza ya magharibi kwa matofali ili pawe na chumba cha duka. Mwingine aliziba matundu ya hewa kwa saruji, kwa sababu ya mbu na popo. Dari ilipooza kwa mvua iling'olewa, isirudishwe. Mwembe uliokuwa ukifunika dirisha la magharibi ulikatwa ili gari lipate kupita, na ua wote ukamwagiwa zege. Kila mmoja alikusudia kheri. Lakini leo yule mama hawezi kukaa chumbani mwake baada ya adhuhuri. Feni mbili zinazunguka, taa zinawaka mchana, na kodi ya chumba kimoja cha nyuma yaishia katika mita ya Yaka. Watoto wakikutana kwa ajili ya mirathi, husema nyumba hii ni mzigo.

Matengenezo ya nyumba kama hiyo huanza na maji wala si na jua. Bati linalovuja na mfereji uliopasuka hushughulikiwa kwanza, kwani ukuta uliolowa huharibu kila kinachofuata. Pamoja na hayo nyaya za umeme zikaguliwe na fundi mwenye idhini. Waya za kale zilizovikwa mpira hukauka na kukatika ngozi. Kuweka dari mpya juu ya waya za namna hiyo ni kuweka kuni karibu na kiberiti. Kama paa ni la asbesto, kama lilivyo katika baadhi ya nyumba za zamani, mtu asilikate kwa msumeno wala asilisugue wala asilivunje, maana vumbi lake huingia mapafuni na kuleta maradhi baada ya miaka mingi. Hiyo ni kazi ya wajuzi wenye vifaa.

Kisha paa lenyewe. Bati lenye kutu, jua likiwa kali, hupita nyuzi 50 za joto, na joto hilo huwashukia waliomo chini kama jiko lililogeuzwa. Rangi nyeupe ya paa hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Chokaa nayo yafaa na ni rahisi kwa bei, ila mvua za masika huiosha, hivyo hupakwa tena na tena. Lakini rangi bila ya dari ni nusu ya kazi. Dari irudishwe, ya mbao, au ya plaiwudi, au hata ya mikeka ya mafunjo, ambayo ni rahisi na huzuia joto vizuri, mradi nyaya ni salama. Nafasi iliyo kati ya bati na dari ipate njia ya hewa pande zote mbili, na njia hizo zifunikwe kwa wavu wa chuma. Popo hatapita, na hewa ya moto itatoka.

Matundu ya juu ya madirisha yazibuliwe, yatiwe wavu wa mbu. Hii ni kazi ya siku moja au mbili, na katika gharama zote ni ndogo kuliko zote. Ajabu ni kwamba ndiyo inayosahauliwa, labda kwa kuwa haionekani barabarani kama vile kioo kikubwa kinavyoonekana. Vioo vikubwa upande wa magharibi ni kosa ambalo halina radhi.

Juu ya baraza iliyozibwa, maneno ni magumu, kwa sababu duka lina kodi yake. Kama haiwezi kufunguliwa, basi mbele ya ukuta ule upandwe mti, au uwekwe upenu mpana. Plasta ya saruji nayo isipakwe ovyo juu ya kuta za kale zilizojengwa kwa udongo au chokaa. Huufungia unyevu ndani, na matofali hubomoka polepole nyuma ya sura nzuri. Chokaa huuacha ukuta upumue.

Ndipo zije taa na mashine. Ziwa liliposhuka sana mwaka 2006 na umeme wa Jinja ukapungua, Kampala ilikaa gizani kwa zamu. Mwaka uliofuata Serikali iligawa bure taa laki nane hivi za kuokoa umeme, na mahitaji ya saa za jioni yakapungua kwa megawati 30 hivi. Siku hizi taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga wa ile ya zamani ya wati 60. Lakini kinachokula zaidi ni maji ya moto ya kuogea: kifaa cha bafuni kinachochemsha maji papo kwa papo hula wati 3,000 au zaidi, sawa na taa kama hizo zaidi ya 300. Tangi la kupasha maji kwa jua ni ghali siku ya kulinunua, na jua ni lile lile lililokuwa likilaumiwa. Usambazaji wa umeme ulikuwa mikononi mwa Umeme tangu 2005 mpaka mwisho wa Machi 2025, kisha ukarudi kwa UEDCL. Mwuzaji hubadilika, kiu ya nyumba haibadiliki.

Jikoni, sigiri yenye kikombe cha udongo hubana makaa kuliko ile ya bati tupu. Wala isiingizwe chumbani usiku wa baridi milango ikiwa imefungwa, kwani moshi usioonekana umewaua watu waliolala.

Wako watakaosema kubomoa ni rahisi zaidi. Nyumba za wafanyakazi za Naguru na Nakawa, katika eneo lililopangwa na Mjerumani Ernst May miaka ya 1940, zilibomolewa mwaka 2011. Nyumba ikishabomolewa, hapana tena shauri la dari.

Limebaki jambo ambalo huwatenganisha ndugu kuliko joto lenyewe, nalo ni nani atoe fedha. Katika nyumba ya urithi isiyogawanywa, mwenye uwezo hutengeneza, na wengine hunyamaza. Siku ya kugawa, yeye hudai na wao hukana. Kwa hiyo kabla ya kununua bati la kwanza, warithi wote wakutane, mama yao akiwapo. Iandikwe kila kazi, bei yake na aliyeilipa, na iandikwe kama fedha hizo ni sadaka kwa wote au ni deni litakalotolewa kabla ya mgawanyo. Mashahidi wawili watie sahihi, nakala moja ikae kwa mtu asiye mrithi. Kazi ya paa ianze Januari, fundi akipatikana, ili dari iwe imekwisha kabla ya mvua za Machi.