MANENO YA KATIBU MWENEZI KIKAONI: MKWAWA ALIKUWA KIONGOZI WA AINA GANI?

Nawawekea hapa niliyosema kikaoni, kwa faida ya ambao hawakufika.

Siku hizi kuna vipimo vya haiba kwenye simu. Unajibu maswali, unaambiwa wewe ni kiongozi mkali, mpole au mtulivu. Ndugu mmoja akauliza: Mtwa Mkwawa angeangukia wapi? Wengi wakajibu, "Mkali!"

Tutazame matendo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, askari wake waliwavizia Wajerumani na kumuua kamanda wao, Zelewski. Hapo kuna subira na mpango. Mwaka 1894 alitegemea ngome ya mawe ya Kalenga, Wajerumani wakaiteka. Hapo aliuamini mno ukuta. Kisha akapigana porini karibu miaka 4, watu wakimficha na kumlisha, hadi alipojiua Julai 1898 asikamatwe. Hapo kuna ustahimilivu, na kuna watu waliomwamini.

Mtu mmoja, sura tatu. Neno "mkali" halimtoshi.

Ndugu zangu, uchaguzi wa tawi umekaribia na wagombea wameshabandikwa majina: "yule mkali", "yule mpole". Tusipige kura kwa majina hayo. Tuulize: michango aliitunzaje? Tulipogombana alisimama wapi? Mwenzetu alipofiwa, alifika?

Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya tawi. Njooni na kadi zenu.

Katibu Mwenezi wa Tawi