Ajali Ina Kinga: Maneno Juu ya Kukata Matawi ya Miti Nyumbani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Nakuru)



Tumeombwa kusema machache juu ya miti iliyo karibu na nyumba zetu, na jinsi inavyopasa kupogolewa. Labda wengine wenu watauliza, "Chama cha watu wa reli na miti, wapi na wapi?" Tafadhali tuvumilieni kidogo. Jambo hili latuhusu mara mbili. Kwanza, sisi ni wazazi, na watoto wetu hulala chini ya miti hiyo. Pili, sisi ni wafanyakazi, na tunajua thamani ya mwili wa mfanyakazi.

Wengi mnayajua yaliyotokea mwaka jana, mwezi wa nne, nyuma ya nyumba zetu. Tutayasimulia tena kwa ajili ya wale wasioyajua, na pia kwa sababu hatujayasema kweli hadharani.

Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha pamoja na upepo, na tawi la mkaratusi likaanguka juu ya paa la jiko. Ashukuriwe Mungu, mama aliyekuwa akipika alikuwa ametoka. Asubuhi wenye nyumba 12 tulikutana tukasema, mti huu lazima upunguzwe. Akaja fundi mmoja mwenye kamba, mkanda wa kujifungia, kofia ngumu na wasaidizi wawili. Aliuzunguka mti mara mbili akiutazama, kama dereva anavyoizunguka injini kabla ya safari. Kisha akasema kazi hiyo ni shilingi 18,000. Tulicheka. Tulimwambia, "Bwana, kukata matawi tu?" Akaenda zake.

Basi tukamtafuta kijana mmoja pale sokoni, mwenye panga na msumeno wa kuazima. Alitaka shilingi 3,000, tukambembeleza mpaka 2,500, tukajiona werevu sana. Kijana alipanda bila kamba. Sisi tulisimama chini, mikono mifukoni, kila mtu akitoa amri yake. Alianza kukata tawi nene kutoka juu. Kabla hajafika nusu, tawi lilipasuka, likachuna gome la mti mpaka chini, likageuka kama lango na kumpiga mbavuni. Alianguka, akavunjika paja.

Tulimpeleka hospitali. Wiki ya kwanza tulichanga. Wiki ya pili tulichanga kidogo. Wiki ya tatu hakuna aliyekwenda kumtazama. Leo kijana yule anatembea kwa fimbo, naye ana mama na wadogo zake wanaomtegemea.

Ndugu wanachama, hapa ndipo penye aibu yetu. Katika mikutano hii tumesimama mara nyingi tukidai viatu vya kazi, glavu, bima, na fidia kwa mwenzetu aliyeumia. Tunasema mwajiri mbaya ni yule anayetazama senti kuliko mtu. Je, siku ile sisi tulikuwa nani? Tulikuwa waajiri. Tulipopata nafasi ya kuajiri kwa muda wa siku moja tu, tulifanya yale yale tunayoyalaumu. Nyani haoni kundule.

Tena hata fedha hatukuokoa. Shilingi 18,000 ukizigawa kwa nyumba 12 ni shilingi 1,500 kila nyumba. Tulipojumlisha malipo ya kijana, gari la kumpeleka hospitali, michango na mabati mapya, kila nyumba ilikuwa imetoa zaidi ya 2,000, na mti ungali umesimama nusu umekatwa, umechunwa gome, na wa hatari kuliko mwanzo. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Wapo waliotufariji wakasema, "Ajali haina kinga." Sisi watu wa reli hatuna ruhusa ya kusema maneno hayo. Kama ajali haina kinga, kwa nini kuna ishara njiani? Kwa nini gengi linapofungua njia huweka bendera nyekundu na mtu wa kulinda? Kazi yetu nzima imejengwa juu ya kanuni kwamba ajali ina kinga, na kinga yenyewe ni utaratibu. Basi kazi ya miti nayo ina utaratibu wake. Baada ya ajali tulimwendea yule fundi tuliyemcheka, tukamwomba radhi, naye kwa wema wake akatufundisha. Haya tunayosema sasa mengi tumeyapata kwake.

Kwanza tuijue miti yetu. Miti mingi mikubwa ya mji huu ililetwa kutoka mbali. Mkaratusi na mgrevilia asili yake ni Australia, mjakaranda ni wa Amerika ya Kusini, na ule msaipresi tunaoufanya ua ulitoka Meksiko. Mkaratusi ni jamaa wa reli hasa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na injini za siku zile zilikula kuni. Mwaka 1902 mikaratusi ililetwa nchini ili ipandwe kwa ajili ya kuni hizo. Injini za moshi zimekwisha, lakini miti imebaki. Mti uliopandwa ukatwe kwa shoka baada ya miaka michache sasa umezeeka juu ya mapaa yetu.

Na kila mti una tabia yake. Mkaratusi huweza kuangusha tawi zito hata siku isiyo na upepo. Mgrevilia huvumilia kupogolewa sana, ndiyo maana wakulima wanaupenda mashambani. Msaipresi ni kinyume chake: ukikata mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, hauchipui tena, na ua wako utabaki na tundu. Mparachichi una mti mwepesi kuvunjika, na ukiuvua majani yote jua huunguza gome lake. Mjakaranda ukikatwa kichwa hutoa fimbo nyingi zilizonyooka, na uzuri wake umekwisha.

Hilo la kukata kichwa tulitilie mkazo, kwa kuwa ndilo kosa linalofanyika sana. Watu huona mti mrefu wakaogopa, wakaukata juu ukabaki kama nguzo. Wadhani wameondoa hatari, kumbe wameipanda. Machipukizi yanayotokea pale hukua haraka, lakini hayakushikwa na moyo wa mti, yameshikwa na ganda la nje tu. Huku nyuma kidonda kikubwa kinaoza. Baada ya miaka michache una matawi mazito juu ya shina bovu. Afadhali kupunguza matawi yaliyokufa, yaliyougua, yanayosuguana na yanayoelekea paa, na kuuacha mti na umbo lake. Kwa mara moja usiondoe zaidi ya robo ya majani, maana majani ndiyo jiko la mti.

Sasa tuseme jinsi ya kukata tawi nene. Linakatwa mara tatu. Mara ya kwanza unakata kutoka chini, mbali kidogo na shina, kama urefu wa rula ya shule, ukiingia robo tu ya unene. Mara ya pili unakata kutoka juu, mbele kidogo ya pale pa kwanza, mpaka tawi lianguke. Ule mkato wa chini ndio unaozuia gome lisichunike. Kijana wetu hakuukata, wala sisi tuliosimama chini hatukuujua. Mara ya tatu unaondoa kisiki kilichobaki.

Na kisiki kinakatwa wapi? Tazameni mahali tawi linapotoka kwenye shina. Pana uvimbe kama pete. Kata nje ya pete hiyo, usiiguse, wala usiache kisiki kirefu kama kigingi cha kutundikia kofia. Zamani hata mafundi wakubwa walifundishwa kukata tawi likalale sawasawa na shina, kisha kupaka rangi au lami. Bwana mmoja wa Marekani jina lake Alex Shigo, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya misitu ya nchi yake, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili atazame ndani. Aliona kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Sehemu iliyooza hairudi kuwa nzima, ila mti hujenga kuta ndani yake ili uozo usipite. Pale penye pete pana nguvu ya kujenga ukuta huo. Ukiikata pete, umevunja ngome. Na lami haizuii uozo. Basi, ndugu, tusiharibu fedha kwa kununua rangi ya kupaka vidonda vya miti.

Lililo bora kuliko yote ni kuanza mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Mti mchanga mtu aweza kuupogoa kwa mkasi akiwa amesimama chini, na kidonda kidogo hufungika upesi. Wakati mzuri kwetu Nakuru ni mwezi wa kwanza na wa pili, kabla ya mvua za masika kuanza mwezi wa tatu. Tusingoje upepo utufanyie kazi hiyo usiku.

Kuhusu waya za umeme, tunasema neno moja: tusiguse. Waya inayoingia nyumbani ina volti 240, nazo zatosha kuua. Waya kubwa za mitaani huwa na volti 11,000 au 33,000, na umeme wa namna hiyo huweza kumrukia mtu bila yeye kuugusa. Tawi bichi hupitisha umeme, na lililolowa ndiyo zaidi. Mti uliofika karibu na waya ni kazi ya watu wa Kenya Power. Tuwaite, na wakikawia tuwaite tena. Tusimtume mtoto wa mtu na panga.

Kuhusu ruhusa, kumbukeni kwamba wengi wetu tunaishi katika nyumba zisizo zetu. Mti ni mali ya mwenye nyumba, na mti wa kando ya barabara ni wa kaunti. Andikeni barua, mweke nakala. Barua yenye tarehe, inayosema mti fulani ni wa hatari, itatufaa sana siku tawi likianguka na watu wakaanza kuulizana nani alijua.

Mwisho tumfikirie mtu apandaye. Anayefanya kazi hiyo awe na kamba na mkanda, kofia ngumu, na mwenzake chini. Mahali pa kuangukia matawi pafungwe, watoto na kuku na watazamaji wote waondoke, na awepo mtu mmoja tu wa kutoa ishara, kama ilivyo kwetu stesheni. Msumeno wa injini usitumiwe na mtu aliye juu ya ngazi, wala kwa mkono mmoja. Na kabla ya kupatana bei, tumwulize fundi, "Je, wasaidizi wako wana bima?" Sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake. Fundi mwenye bima atakuwa ghali kidogo. Ule ughali ndio tunaoudai sisi wenyewe kila tunapokutana na wakubwa wetu. Hatuwezi kuudai mchana na kuukataa jioni.

Ndugu wanachama, maneno matupu hayakati tawi. Wenye nyumba zile 12 tumekwisha kukubaliana hivi. Kila nyumba itatoa shilingi 100 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 14,400. Yule fundi ametuambia kwamba mti ukishawekwa sawa mara moja, fedha hizo zitatosha kuutazama kila mwaka. Mtaa wowote unaweza kufanya vivyo hivyo, na Katibu wa Tawi amekubali kutuonyesha jinsi ya kuandika daftari la michango.

Lakini kabla ya mti, kuna deni. Tumeazimia kwamba michango ya miezi 6 ya kwanza, yaani shilingi 7,200, isiende kwa mti hata kidogo. Itakwenda kwa kijana yule. Tunajua haitamrudishia mguu wake. Tunajua pia imechelewa. Hata hivyo deni ni deni, na sisi tuliomwajiri ndio wenye kulilipa. Kwa miezi hiyo watoto hawatalala upande ule wa nyumba, na eneo la chini ya mti tumelizungushia waya.

Sanduku liko pale mezani kwa Mweka Hazina. Wasiokuwa wa nyumba zile 12 hawalazimishwi, lakini hawakatazwi.