Mbegu Yenye Dawa Si Chakula



Leo tuzungumze juu ya sumu inayompata mtoto kabla hajazaliwa. Wengi wetu twadhani mtoto aliye tumboni amefichika, hapatwi na kitu. Sivyo. Anakula kwa mama yake. Anachokula mama, kizuri au kibaya, chaweza kumfikia.

Tuangalie yaliyotokea Iraki. Mwaka 1971 nchi ile iliagiza mbegu za ngano, nyingi kutoka Meksiko. Zilitiwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na ukungu. Zilipakwa rangi nyekundu kuwa alama ya hatari. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Wakulima wale hawakujua lugha hizo.

Mahali pengi mbegu zilichelewa. Watu walikwisha panda. Basi wakazisaga, wakaoka mikate. Wengine waliziosha kwanza. Rangi ikatoka, wakadhani na sumu imetoka. Haikutoka! Wengine waliwajaribia kuku, wakaona hawafi. Kumbe sumu ile hukaa wiki kadhaa ndipo ionekane. Watu 6,530 walilazwa hospitali. 459 walifia humo.

Madaktari waliwafuata watoto waliokuwa tumboni wakati ule. Baadhi ya mama zao waliugua kidogo tu, lakini watoto walichelewa kutembea na kusema. Kwa nini? Zebaki ile hupita kwa mama ikaingia katika ubongo wa mtoto, nao ndio kwanza unajengwa. Ubongo ukiumia hapo, mtoto aweza kuwa mzito wa kujifunza na kukumbuka. Nyumbani ataitwa mvivu au mkaidi. Atachapwa bure.

Sisi tumejifunza kusoma. Basi tukitumie kisomo chetu:

1. Mbegu iliyopakwa dawa ni ya kupanda tu. Tusiioshe tukaila, tusimpe kuku.
2. Tusome maandishi ya dawa kabla ya kuifungua. Lugha ikiwa ngeni, tumwulize bwana shamba.
3. Gunia au kopo la dawa tusitie unga wala maji.
4. Wachimbaji wa dhahabu wasichome zebaki jikoni. Mvuke wake nao ni sumu; mjamzito akae mbali.

Kumlinda mtoto si kazi ya mama peke yake. Baba naye asimtume mkewe mjamzito kupuliza dawa shambani.

Tukifika nyumbani leo, tuliangalie gunia la mbegu lililo pembeni. Limeandikwa nini?