Kuchora Picha kwa Kujifurahisha

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee na vijana wa upande wa Malindi na Kilifi.)



Nimeombwa kusema machache juu ya kuchora picha. Si kuchora kwa ajili ya kuuza, bali kuchora kwa kujifurahisha, kama vile mtu achezavyo bao jioni akiisha kurudi shambani. Najua ya kuwa wako hapa wazazi waonao kuwa jambo hili ni upuzi mtupu, na ya kuwa mtoto ashikaye kipande cha mkaa na kuchora ukutani hana budi kutiwa adabu kwa fimbo, kisha apewe chokaa aupake ukuta upya. Juu ya chokaa nakubaliana nao. Juu ya fimbo, naomba wanisikilize kwanza.

Pale Gedi, mwendo wa kilomita 16 hivi kutoka Malindi, mnayo magofu ya mji wa Waswahili wa kale. Watu walikaa humo tangu karne ya 12 na wakauhama mwanzoni mwa karne ya 17. Serikali iliuweka chini ya ulinzi mwaka 1927. Mwaka 1948 Bwana James Kirkman akaanza kuufukua. Na mwaka 2024 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Katika nyumba zilizofukuliwa iko moja iitwayo Nyumba ya Jahazi. Haikuitwa hivyo kwa sababu ya ukubwa wake, wala kwa sababu mwenyewe alikuwa tajiri wa vyombo. Iliitwa hivyo kwa kuwa juu ya lipu ya ukuta wake mtu alikichora chombo cha baharini kwa ncha ya kitu kikali.

Mtu huyo hana jina. Yamkini alikuwa mtoto aliyefungiwa ndani siku ya mvua, yamkini alikuwa baharia aliyekuwa akingoja upepo ugeuke. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa, na nadhani mwenye nyumba alimkaripia. Hata hivyo twaiita nyumba nzima kwa kazi ya mkono wake, na jina la mwenye nyumba limepotea.

Michoro ya namna hii iko pia katika magofu mengine ya pwani, kama vile Kilwa na Songo Mnara. Mwaka 1964 Bwana Peter Garlake na Bibi Margaret Garlake waliandika khabari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakiilinganisha mmoja mmoja. Kwa nini mtaalamu ajitaabishe na mikwaruzo ya ukutani? Ni kwa sababu mbao huoza na matanga huchakaa. Wazee wetu walikuwa na mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Mtepe hauonekani tena baharini. Mtu atakaye kujua foromali ilikaaje, au omo na tezi zilikuwa na umbo gani, hana budi kuwauliza wale waliochora.

Sasa nataka mfikiri kidogo juu ya jambo moja. Picha nyingi za pwani hii na za watu wake zilichorwa na watu waliotoka mbali. Mwaka 1414 mfalme wa Bengala alimpelekea mfalme wa China twiga, na mwaka uliofuata twiga mwingine akatoka Malindi kwenda huko huko. Yule wa kwanza alichorwa picha ambayo ni mashuhuri mpaka leo: twiga amesimama na mtu amemshika kamba. Mnyama ni wa kwetu, lakini jicho lililomtazama ni la Mchina. Kadhalika Mombasa, katika Ngome ya Yesu, askari Wareno wa karne ya 17 walichora ukutani kwa mkaa na kwa udongo mwekundu merikebu zao, makanisa yao, watu na samaki. Hawakuwa mafundi. Walikuwa vijana waliochoka kulinda zamu na kukumbuka kwao. Naipenda sana kazi yao, na kila mtu aendaye Mombasa ningemshauri aitazame kabla ya kutazama mizinga.

Katika siku zilizo karibu zaidi yuko Bibi Joy Adamson, yule aliyejulikana ulimwenguni kwa khabari za simba Elsa. Watu wengi hawajui ya kuwa kabla ya simba alikuwa mchoraji. Alifika Kenya mwaka 1937, akaanza kuchora maua ya mwituni kwa rangi za maji, na kazi hiyo, ambayo mwanzo wake ilikuwa burudani tu, ikampatia nishani ya dhahabu ya chama cha wapenda bustani cha Uingereza mwaka 1947. Baadaye Serikali ya wakati ule ikampa kazi ya kuzunguka nchi nzima na kuwachora watu wa makabila katika mavazi yao ya asili. Alichora mamia ya picha, za watu wa pwani pia, na mwaka 1967 kikatoka kitabu chake kiitwacho The Peoples of Kenya. Leo mtu akitaka kujua bibi zetu walivaaje shanga zao, huenda akatazama picha hizo.

Ni kazi njema na ya subira. Lakini mchoraji huyo aliwaambia watu wavae mavazi ya zamani, wakakaa kimya mbele yake, akawachora kama alivyowaona yeye. Nani alimchora babu akiwa amevaa suruali yake ya kazi na kofia yake ya kiua, akicheka, akiwa na redio mkononi? Picha hiyo ingechorwa na mjukuu wake tu. Kwa hiyo nasema ya kuwa mtoto mwenye mkaa mkononi ana kazi ambayo mgeni hawezi kumfanyia, hata akiwa na rangi za bei gani.

Najua liko swali ambalo baadhi yenu mnalo moyoni, nalo ni la dini. Waislamu wengi wa pwani huona si halali kuchora sura ya kiumbe chenye roho, na mimi niliyesomeshwa katika skuli ya misheni si mtu wa kutoa fatwa. Mwenye shaka na amwulize mwalimu wake. Ninaloweza kusema ni hili, kwamba wazee hawakukosa la kufanya kwa sababu ya katazo hilo. Tazameni milango ya Lamu ilivyojaa majani na maua na minyororo. Tazameni mihrabu ya msikiti wa Mnarani, kuvuka hori ya Kilifi, na maandishi yaliyochongwa katika jiwe lake. Chombo cha baharini, mnazi, mbuyu, kisima, mlango, herufi nzuri: mtu aweza kuzichora umri wake wote asizimalize.

Ndugu zetu Wamijikenda nao wana adabu zao, nazo nataka zishikwe. Kigango husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Si pambo, wala si sanamu ya kuchorwa na kila apitaye njiani. Vingi viliibiwa vikauzwa ng'ambo. Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Kimarekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vyote viwili vikaibiwa. Miaka mingi baadaye vilikutwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na kwa kuwa ile picha ilikuwapo, haikuwezekana kukana vilikuwa vya nani. Vilirudishwa mwaka 1985 ulipokwisha kupita miaka zaidi ya 20, yaani mwaka 2007, na mzee mwenyewe alikuwa amekwisha kufa. Ile ilikuwa picha ya kamera, lakini daftari la mwana wa nyumba lingefanya kazi ile ile: umbo la kichwa, mistari ya pembe tatu, ufa ulio upande wa kushoto. Kwa hiyo mchoraji aombe ruhusa kwa wenye kigango. Akikatazwa aondoke kwa heshima. Akiruhusiwa achore kila alama kwa uangalifu, kisha daftari likae kwa wenyewe.

Haya, nije kwenye vyombo vya kazi, maana vijana wamekwisha kuanza kunong'ona. Mtu asiseme hana pesa. Mkaa mzuri wa kuchorea hutengenezwa kwa vijiti vyembamba vilivyokauka. Vijaze katika kopo lenye kifuniko, toboa tundu dogo juu, uweke kopo katika moto mpaka moshi ukome kutoka tunduni, kisha uache lipoe kabla ya kulifungua. Ukilifungua mapema vijiti vitashika moto na kuwa majivu. Ngeu ya seremala hutoa wekundu. Masizi ya sufuria hutoa weusi, chokaa ya mawe ya pwani hutoa weupe, nili ya kufulia hutoa buluu. Manjano ya jikoni hutoa rangi ya kupendeza sana, lakini haidumu juani. Ili rangi ishike karatasi changanya na gundi ya mgunga iliyolowekwa katika maji. Aliye na shilingi chache na anunue penseli laini na karatasi nene, wala asikimbilie rangi za mafuta. Rangi za mafuta ni ghali, hukauka polepole, na katika upepo wetu hushika mchanga hata picha ikawa kama kitumbua kilichoangukia ufukoni.

Rangi za maji ni rahisi kubeba, lakini pwani zina tabia zake. Asubuhi karatasi huwa na unyevu na rangi hukataa kukauka. Saa sita hukauka kabla brashi haijafika upande wa pili. Saa sita, tena, jua liko utosini na vitu havina vivuli, na kitu kisicho na kivuli huonekana kama kimekatwa kwa mkasi. Chora saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Weka alama za vivuli vyote mara moja kabla jua halijahama, wala usivifuate tena. Mwenye kukifuata kivuli hujikuta amechora saa tatu mbalimbali katika picha moja.

Na bahari! Kila mwanafunzi huipaka buluu kutoka ukingo mpaka ukingo. Tokeni mkaitazame. Juu ya mchanga ni ya kijani nyepesi, juu ya mwani ni nyeusi nyeusi, penye mwamba kuna mstari mweupe wa mawimbi, na nyuma ya mwamba ndipo buluu yenyewe ilipo. Malindi ni vingine tena, kwa sababu mto Sabaki huingia baharini kaskazini ya mji. Mvua zikinyesha bara, mto huleta udongo mwekundu, na upepo wa kaskazi ukivuma maji hayo husukumwa mpaka mbele ya mji, bahari ikawa rangi ya chai ya maziwa. Mchoraji wa Malindi asiyekuwa na rangi ya udongo katika sanduku lake hajauona mji wake.

Wako wazazi watakaoniuliza kama kuna riziki katika jambo hili. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini ya Tanzania aliyefanya kazi za mikono Dar es Salaam, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao za dari kwa rangi ya kupaka baiskeli. Alikufa mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu, lakini mpaka leo watu wengi wanakula kwa namna ya uchoraji iliyobeba jina lake. Yuko pia Elimo Njau, aliyesoma Makerere, akachora picha kubwa katika kuta za kanisa la Murang'a, na mwaka 1965 akaanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa Nairobi. Watu kama hao ni wachache. Mimi sikuja kuwaahidi mali, na anayewaahidi mali kwa penseli moja mfukuzeni.

Lakini yako mambo ambayo hayatangoji. Zamani pale Mtwapa palikuwa na pantoni iliyovutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakiimba. Kilifi nako watu na magari walivuka kwa pantoni mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Wazee walio hapa waliivuka mara nyingi kuliko wawezavyo kuhesabu. Ningependa kila kijana leo jioni akae na mmoja wao, amwulize mnyororo ulipita wapi, watu walisimama upande gani, magari yalipangwaje, naye achore anavyoambiwa, amwonyeshe, asahihishwe, afute, achore tena. Karatasi na penseli ziko juu ya meza iliyo karibu na mlango. Ziko 40, na mwenye kuchukua mbili ataonekana.