Uchaga wa nazi: tusiuze kwa haraka

Leo tumekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo: uchaga wa kuwekea nazi.

Mnajua vile mambo huwa. Mkwezi akishuka, nazi zimejaa uwanja mzima, zinabingirika mpaka kwa jirani. Hakuna pa kuziweka. Mnunuzi akija na gari anataja bei yake, nasi tunakubali, maana tunaogopa zitaharibika. Hapo si yeye aliyetushinda. Ni kukosa mahali pa kuweka mali yetu.

Nazi ikilala chini kwenye unyevu, hasa masika ya Aprili mpaka Juni, inachipua. Ukiivunja unakuta joya, na nyama imeanza kuliwa. Lakini nazi iliyokomaa, ikiwa na makumbi yake, juu ya uchaga mkavu wenye hewa, hukaa miezi. Ile iliyofuliwa hukaa wiki chache tu. Kwa hivyo msifue mpaka siku ya kuuza. Kule Tiptur, nchini India, wakulima huziweka nazi nzima juu ya chaga kwa miezi mingi mpaka zinakuwa mbata ndani ya kifuu. Mbata sisi pia tunaijua tangu kwa mababu.

Sasa tuwaambie aibu yetu. Uchaga wa kwanza tuliousimamia, sisi wenyewe na diploma zetu, ulianguka siku ya tatu. Tulipigilia mihimili kwa misumari ubavuni mwa nguzo, basi. Nazi ni nzito, misumari ikang'oka. Mtoto alikuwa amekaa hapo dakika chache tu kabla. Mungu alitusaidia. Mzee mmoja akatuuliza, "Nyinyi hamjaona uchaga wa mahindi juu ya meko?" Tulinyamaza. Tangu siku hiyo tunajenga hivi:

1. Chimba mashimo 6 ya sentimita 60, manne pembeni na mawili katikati. Uchaga uwe na urefu wa mita 2 na upana wa mita 1. Simamisha nguzo, shindilia udongo na mawe.

2. Chonga pengo kwenye kila nguzo. Muhimili ukalie ndani ya pengo, ndipo ufunge kwa waya au misumari. Uzito ubebwe na mti, si na msumari. Weka pia mti wa mshazari kila upande ili uchaga usiyumbe.

3. Rafu ya kwanza iwe juu ya goti, sentimita 60 kutoka chini. Rafu zote ziwe tatu.

4. Panga fito kwa urefu, ukiacha kama sentimita 10 kati ya ufito na ufito. Kitu cha mviringo hakitulii juu ya ubao, lakini hutulia kikishikwa na fito mbili. Jaribu kwa nazi ndogo kuliko zote. Ikipita, punguza nafasi. Mbele funga ufito mmoja wa juu wa kuzuia.

5. Zungushia kila nguzo bati laini chini ya rafu ya kwanza, panya wasipande. Uchaga usiguse ukuta. Juu ezeka makuti.

Rafu moja hubeba kama nazi 30 zikilazwa safu moja. Rafu tatu ni nazi 90. Tukikadiria kila moja kilo moja na robo, ni zaidi ya kilo 110, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji. Msirundike juu kwa juu, hewa ipite.

Miti tutatoa wapi? Si mikokoni. Wenzetu wa Gazi na Makongeni, katika mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, wanailinda mikoko na wamepanda mivinje kwa ajili ya miti ya kujengea. Tutumie mivinje. Mnazi mzee pia unafaa, lakini msiache magogo yakioza shambani. Humo ndimo chonga huzaliana, kisha anatoboa kilele cha minazi iliyo hai.

Kila wiki mtu mmoja akague. Nazi iliyopasuka itolewe, na yenye ukungu isiliwe wala isisagwe kwa kuku. Mwaka 2004 ukungu wa mahindi, ule wenye sumu ya aflatoksini, uliua watu 125, hasa huko Ukambani. Andikeni kwa mkaa mwezi wa kuangua, za zamani ziuzwe kwanza. Na daftari lioneshe nazi za nani ni ngapi. Vikundi vingi havivunjwi na umaskini, huvunjwa na hesabu.

Uchaga hauongezi bei, tusidanganyane. Unatupa siku za kuuliza bei kwa wanunuzi wawili, watatu, na nafasi ya kusema, "Hapana, rudi wiki ijayo." Mama aliyezoea kuuza siku ile ile kwa sababu ya karo anajua thamani ya neno hilo.

Ya kujadili kikundini:
- Mwaka jana tuliuza nazi ngapi kwa sababu ya kukosa mahali pa kuziweka?
- Uchaga wetu tutaujenga kwa nani, na nani atakagua?
- Mwenye shida ya haraka, kikundi kitamsaidiaje ili asiuze kwa hasara?